Bawa la Malkia wa Kambo

Juzi, sokoni Kashikishi, mwanamke mmoja alikuwa ananipimia samaki wakavu. Kucha zake zilipakwa verni nyekundu, imemenyeka pembeni. Nikasahau hata kuomba nyongeza. Mimi si mutu wa maneno mengi, lakini wewe nitakuambia, maana kuandika polepole hakunitishi kama kusema.

Nilipokuwa mtoto, rangi kama ile ilikaa kwenye dirisha letu, ndani ya kachupa kadogo. Mama aliiacha siku aliyovuka ziwa kwenda Kilwa ya ng'ambo na mizigo ya samaki. Alisema atarudi kabla ya muhogo wetu kukauka. Muhogo ulikauka, ukatwangwa, tukala bukari, ugali wake, na mimi nikabaki na kambo, mama ya mama yangu.

Nyuma ya nyumba kambo alikuwa na sanduku la nyuki. Kila mguu wa sanduku ulisimama ndani ya kopo la mafuta machafu ya mashine, ili siafu wasipande. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moshi wa magunzi. Tukimaliza alinipa kipande cha sega, nikatafuna mpaka nta inanata kwenye meno.

Malkia wa nyuki, kambo alimshika kwa vidole vitupu. "Mukamate kifuani," aliniambia, "tumboni ndimo batoto bote beko." Kwa makasi ya kucha alikata nusu ya bawa moja. Kisha alichovya kijiti katika verni ya mama, akamtia tone mgongoni, akapuliza ikauke, kama anapoza uji wa mtoto. Na kila malkia aliambiwa neno lilelile: "Wewe hautavuka."

Jirani yetu, mzee Mbemba aliyetundika mizinga ya maganda ya miti porini, alicheka juu ya ua. "Ba mayo, mama, unafunga nyuki kama mbuzi! Siku nyumba ikiwaka atakimbia na nini?"

"Yangu haiwake. Wewe chunga mizinga yako, kila mwaka iko bure, nyuki bamekwenda!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Nyumba haikuwaka. Ilikuja mvua yenye upepo, ikainamisha mti mmoja wa muhogo mpaka ukalala juu ya sanduku. Asubuhi siafu walikuwa wanapita juu ya mti ule kama kamba nyeusi inayotembea. Nyuki wakatoka wote, kwa sauti kama mvua juu ya mabati. Wakapanda juu ya choo, juu ya paa, wakaelekea ziwani. Nikafurahi. Nilisema wamepona.

Halafu wakageuka.

Malkia alikuwa ameanguka kwenye matope mbele ya sanduku, anazunguka na bawa lake nusu, tone jekundu linaonekana vizuri. Wakashuka kumfunika, na siafu wakaja kuwafunika wao. Kambo alimwaga majivu, akapiga siafu kwa mikono, mikono ikavimba, huku akilia: "Mwende! Mumuache, mwende!" Hawakumwacha.

Mzee Mbemba alikuja na karai la majivu ya moto, amechelewa. Sikumsikia akicheka. Alifagia pamoja nasi, akasema tu, "Pole, ba mayo."

Kambo alikaa juu ya kinu. "Nilimukata bawa sababu ya mama yako," aliniambia. "Yule sikuweza kumuzuia." Nilidhani atatupa ile kachupa. Alipanguza vumbi lake, akairudisha dirishani.

Sasa kambo yuko makaburini. Miti ya mizinga ya mzee imekuwa makaa. Sanduku tulilipasua kuni wakati wa matanga, na makopo yanashika maji ya mvua tu. Verni imekauka, haifunguki.

Nyuki wale walikuwa na mabawa mazima na ziwa lote mbele yao, wakarudi kwa aliyeshindwa kuruka. Mama naye alikuwa na mabawa mazima.

Pale sokoni niliinua macho, nikaangalia uso wa mwenye kucha nyekundu. Alikuwa msichana, labda mdogo kuliko mimi.

"Yaya, mukubwa wangu, unaniangalia nini? Utabeba samaki ao hapana?"

Nikabeba.