Kikapu cha Mama katika Nyumba ya Mtoni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1992, Mhifadhi Mkuu alinipa brashi laini badala ya ufagio. "Dada, hapa adui yetu ni mto," alisema. Nyumba ya makumbusho, ya matofali ya enzi za Wajerumani, ilikuwa kando ya mto Malagarasi, na ilitunza mkusanyo wa sanaa za Buha, nchi ya Waha: ngoma, vyungu, vikapu. Unyevu ulipanda kila asubuhi, kwa hiyo madirisha tuliyafungua ukungu ukishatoweka.

Niliacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, nikawalea wadogo zangu. Nyumba yetu ya Makere ilivuja, na mchwa walishaanza kukinyemelea kikapu cha harusi cha mama. Nikakikabidhi kwenye mkusanyo kitunzwe. Nilijua kwamba kitu kikishapokelewa hakitoki tena.

Baadaye nilitolewa kwenye usafi nikawa naongoza wageni. Ndipo mdogo wetu wa mwisho, Neema, akaposwa na kijana wa kijiji cha Murungu. Kwetu bibi harusi huondoka na kikapu cha mama yake, kimejaa unga wa ulezi. Shangazi alinijia juu: "Umewapa serikali kikapu! Mtoto aende kwa wakwe na mfuko wa rambo?"

Nikaomba kukiazima siku moja tu. Mhifadhi akavua miwani. "Kikitoka chako, kesho wengine watataka ngoma zao. Lakini kukitazama, nani amekukataza?"

Akaniwekea kiti mbele ya kabati la kioo. Kila nilipomaliza kazi nilikaa pale nikisuka kikapu kingine. Mistari yangu ililala kinyume na ya mama, nikafumua, nikarudia, ikalala vilevile. Hatimaye nikakumbuka: mama alisukia mkono wa kushoto. Nikahamia kushoto, vidole vikaota sugu.

Siku ya harusi msafara ulipitia pale makumbusho. Unga ulibaki nje, maana chakula huleta wadudu. Shangazi akakitazama cha kabatini, akakigeuzageuza changu.

"Nani kakufundisha mkono wa marehemu?"

"Yeye mwenyewe, shangazi."

Akajifuta macho kwa kanga. "Haya, twendeni nje tukakijaze unga! Mnataka mwali azeekee hapa?"

Nilistaafu mwaka 2015, macho yalipochoka. Ninyi mnaoanza kazi hii, wawekeeni wageni viti. Anayekaa huona zaidi ya anayepita. Mimi mistari siioni tena. Lakini nikienda Murungu, Neema hunipa kile kikapu nikishike, na mkono wa kushoto hukitambua.