Kengele za Maksai

Nimefungua kabati la mama nikitafuta shuka, nikapokelewa na harufu ya spiriti. Ilitoka kwenye ile pembe yake ya bati, ya kusikilizia mtoto tumboni.

Siku moja utotoni nilikuwa barazani kwenye zahanati yake, natafuna hindi la kuchemsha, mkokoteni wa maksai ukaingia kutoka njia ya Mishamo. Ulimleta mjamzito ambaye mtoto wake hakuwa amecheza siku mbili. Mama mkwe wake alishaanza kulia.

Mama akaweka pembe tumboni, akategesha sikio. Akaihamisha, akaihamisha tena.

“Nani anapiga kengele huko nje?”

“Ni za ng’ombe, Mama Nesi,” mume akajibu.

“Zizibe!”

Yule baba akang’oa majani, akazishindilia kengele zote. Uwanja mzima ukanyamaza. Hata mimi nikaacha kutafuna.

Mama akafumba macho, akasikiliza. “Yupo,” akasema.

“Unatufariji tu,” mama mkwe akalia.

“Haya, mwanangu, njoo usikie wewe, uwaambie.”

Nikainama. Mbali sana mle ndani nikasikia kama mtu mwenye ndala zilizolowa: twa, twa, twa.

“Anakimbia!” nikapiga kelele. Niliamini mama ndiye aliyemwamuru akimbie.

Sasa mama amelala hapa kitandani, amefumba macho, haitiki. Nimeipangusa pembe kwa kanga, nikaiweka kifuani pake, nikategesha sikio. Barabarani bodaboda zinanguruma, na redio ya jirani iko juu.

“Nyie wajukuu,” nimeita dirishani, “nendeni mkawaambie wazime. Wote.”