Mkono wa Kulia wa Mrusha Mpira

Mtu aliyewahi kulipwa kwa kurusha mpira, kwa nini hajaurusha hata mara moja mbele yetu? Swali hilo lilininyima usingizi. Mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na minne, alitaka kufundishwa naye, na mama alikuwa ameniachia mimi niseme ndiyo au hapana. "Wewe ndiye uliyesoma," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja aliyekuwa akimsuka. Shahada ninayo, kazi sina, na muda wa kushuku watu ninao tele.

Mzee huyo alisali kanisani kwetu, mtaa wa Troyeville. Alizaliwa Burundi, wazazi wakakimbilia naye Marekani, na huko, kwa maelezo yake, akacheza besiboli ya kulipwa. Si ligi za kwenye televisheni, alisema. Zile za chini, za kulala ndani ya basi na kuamka mji mwingine. Alipostaafu akaja huku Johannesburg, akaoa mama mmoja wa Kikongo. Jumamosi alifundisha watoto kwenye uwanja mmoja kule Bertrams.

Nililitafuta jina lake mtandaoni kwenye simu. Lilikuwapo kwenye orodha ya wachezaji wa zamani, lakini bila picha. Jina, niliwaza, yeyote anaweza kuliazima.

Kilichonisumbua zaidi ni ushuhuda. Kwetu mtu akiongezewa tu muda wa kibali cha kuishi nchini, anapewa maikrofoni na sote tunapiga makofi. Yeye, mwenye habari ya kutushangaza wote, hakusimama kamwe. Na wakati wa kusifu, kanisa zima likiinua mikono, aliinua wa kushoto tu. Wa kulia ulining'inia kando. Akina mama wa benchi la nyuma walinong'ona kwamba kuna roho inayomfunga. Mimi msomi sikuamini hayo. Nikaamua ni dharau. Na anayemdharau Mungu waziwazi namna ile, watu atawaficha mangapi?

Jumapili moja, tulipokuwa tukinywa chai baada ya ibada, nilimfuata na maswali yangu ya upole. Yote yakanitoka kichwani, likabaki lile baya.

"Mzee, mbona huinui mkono wa pili?"

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akauinua. Ulipanda hadi usawa wa kifua, ukakwama.

"Mwisho wake ni hapa," alisema. "Bega nililimalizia kule, kwa kurusha. Sasa nishuhudie nini? Kwamba nilirusha vizuri mpaka likakatika?"

Mkewe akacheka. "Bingwa wa Marekani huyu. Kila asubuhi mimi ndiye namvalisha koti."

Ungedhani nilitulia. Kabla sijafika kwenye robot, taa za barabarani za kona ya kwetu, nilikuwa nimeshawaza kwamba bega linaweza kuharibika hata kwa kuanguka kwenye ngazi. Nikajua hakuna jibu ambalo lingenitosha. Lakini pia mama hakuwa ameniuliza kama mzee alicheza kweli. Alichotaka kujua ni kama mtoto atakuwa salama.

Jumamosi nikamwambia mdogo wangu avae raba, nami nikavaa zangu.

"Na wewe unaenda wapi, dada?"

"Naenda na wewe. Kila Jumamosi."

"Eish," akasema, akatangulia mlangoni.

Uwanjani mzee alitutazama sote wawili, kisha akanitupia glavu kwa mkono wa kushoto. Alihitaji mtu wa kudaka. Nikachuchumaa pale aliponionyesha, macho kwa mzee, na mpira wa kwanza wa mdogo wangu ukanigonga gotini.