Mkanda wa Mwisho wa Alfhild Sandmark

Ipo siku moja ya mwezi wa Agosti, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka naona haya nikiwa peke yangu jikoni. Nilikuwa kijana, nimevaa koti jeupe la kazini na glavu za pamba, nimesimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Juu ya meza kulikuwa na kitu ambacho kazini kwetu kilikuwa kinatafutwa na kila mtu. Nilikuwa nimekipata mimi. Nikakificha.

Ngoja nianze mbali kidogo ili unielewe.

Nilitoka Tanga nikaja Stockholm kujifunza kutunza filamu, na mafunzo yalipokwisha nikaajiriwa katika hifadhi moja ya filamu za zamani. Tulisafisha, tuliunga palipokatika, tuliandika kila mkanda una nini ndani. Nyingi zilikuwa sinema za kabla ya sauti, ambazo midomo inakwenda na husikii neno, kisha maandishi yanatokea kukueleza kilichosemwa. Najua ninyi mnazicheka. Lakini watu walizililia zile. Mama anatengana na mtoto, msichana anasingiziwa wizi, barua inafika mwenyewe ameshazikwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijipangusa machozi kwa mkono wa koti, Gunvor asinione.

Gunvor ndiye aliyekuwa mkuu wetu, mama wa Kiswidi aliyekaribia kustaafu. Sifa yake ilikuwa neno moja tu, "bra", yaani vizuri. Akikwambia hivyo Jumatatu, ilikutosha mpaka Ijumaa.

Mwaka wangu wa tatu akaja Nakato, Mganda. Alikimbia vita kwao akapitia Nairobi, na huko ndiko alikookota Kiswahili. Nilimfundisha mimi: kushika mkanda kwa kingo, kupaka gundi nyembamba, kunusa kopo la mkanda kabla ya kulifungua. Sote tulikaa Norsborg, pembeni mwa mji, kwa hiyo tulikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja. Aliniita dada. Nilimpenda, mwanangu, na ninataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Basi siku moja yakaletwa makopo saba kutoka ghala la jumba la sinema lililofungwa huko kaskazini. Maji yalikuwa yamefuta maandishi yote ya nje. Tulipoyapanga tukaona hadithi ya mjane maskini anayemtoa binti yake mchanga alelewe na matajiri. Miaka inapita, naye anakwenda kuomba kazi ya utumishi katika nyumba ile ile, ili tu amwone. Anampigia pasi nguo, anamchana nywele, na binti hajui. Mkanda wa saba ulikatika pale binti anapoanza kumtazama yule mtumishi kwa macho mengine. Wa nane haukuwepo. Na hakuna aliyejua nani aliitengeneza.

Aliyejua ni Nakato. Aliona kwamba barua zinazoonyeshwa ndani ya sinema, zile anazoandika mjane, zina herufi za mkunjo wa pekee. Akakumbuka karatasi fulani katika sanduku la nyaraka ambalo sote tulilipita kila siku bila kulitazama. Akalinganisha, akakuta ni mwandiko mmoja, na karatasi zile zilikuwa na sahihi. Alfhild Sandmark. Mwongozaji aliyetengeneza sinema chache, kisha sauti ikaingia, kampuni yake ikafungwa, naye akamaliza maisha yake akiuza glavu dukani. Barua za sinema alikuwa akiziandika mwenyewe.

Gunvor akasimama katikati ya chumba akamwambia Nakato "bra" mara mbili.

Nilihesabu, mwanangu. Nilianza kuhesabu. Nilihesabu ni mara ngapi jina lake linatajwa wakati wa kahawa. Mwandishi wa gazeti akaja kumpiga picha mbele ya meza yangu, maana meza yangu ilikuwa karibu na dirisha, na nikaombwa nisogee kidogo. Nikasogea, nikitabasamu. Usiku huo sikula. Nilijiambia kwamba ningelifungua mimi sanduku lile ningeona vile vile, na kwamba bila mimi asingejua hata kushika mkanda. Asubuhi nikaanza kupanda treni ya mapema ili nisikae naye. Aliponiuliza kama amenikosea, nikamwambia siku hizi napenda kuwahi.

Ndipo ikafika siku ile ya Agosti. Wenzangu wengi walikuwa likizo. Nilifungua kopo lililoandikwa habari za kusafirisha magogo mtoni, na ndani hamkuwa na magogo. Nilimwona mjane. Nikazungusha mkanda kwa mkono, polepole, juu ya ile taa, picha baada ya picha, mpaka mwisho. Nililia pale pale. Halafu, machozi hayajakauka, nikamwona akilini mwangu Nakato akipigwa picha nyingine.

Nikarudisha mkanda katika kopo lake la magogo, nikalisukuma chini kabisa kwenye kabati la ukutani, nyuma ya vitambaa vya kufutia. Nilijiahidi kwamba nitalitoa baada ya maonyesho ya sinema ile yaliyokuwa yakiandaliwa, kisha watu waseme aliyekamilisha kazi ni mimi.

Maonyesho yakafanyika. Nakato alizungumza Kiswidi chake cha kujifunza, ukumbi ukampigia makofi, na sinema ikaishia katikati. Nilitaka kulitoa kopo wiki iliyofuata. Lakini ningesema nimelipata lini? Nikangoja mwezi. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Filamu zile, mwanangu, zilitengenezwa kwa kitu kinachowaka kama petroli na kuoza kama nyama. Zinataka baridi. Na nyuma ya kabati lile yalipita mabomba ya joto. Mimi, mwalimu wa kunusa makopo, nilipitisha majira mawili ya baridi nikijitia sikumbuki. Harufu ndiyo iliyonikumbusha. Nilipofungua, mkanda ulikuwa umegandamana, unatoa povu la rangi ya asali, na pembeni umekuwa unga. Hapakuwa na picha hata moja ya kuokoa.

Gunvor alinikuta nimechuchumaa. Nikamwambia ni ule mkanda wa nane, kopo lake nimelipata leo. Alilitazama kopo, akanitazama mimi, akasema alilikumbuka kopo lile, alikuwa ameliona mezani kwangu wakati wa kiangazi, mwaka juzi. Kwanza akalitoa nje kwa mikono yake, kwa sababu lingeweza kutuunguza sote. Aliporudi alikaa karibu nami, sakafuni, mtu mzima yule.

"Nakato ulikuwa na hasira naye," akasema. "Na Alfhild, alikukosea nini?"

Akaniambia hatanifukuza wala hatamwambia Nakato, kwa kuwa kumwambia ni kazi yangu, na nisiichelewe. Nikaahidi. Gunvor alistaafu, akafariki, nami nikiwa bado sijasema.

Na hapa ndipo unapopaswa kunisikiliza vizuri. Nakato hakuacha kutafuta. Aliandika barua kwenye hifadhi za nchi nyingine. Likizo zake alizimalizia kwenye maghala na dari za nyumba za watu asiowajua, akiuliza kama wana makopo ya zamani. Watoto wake walikua wakimsikia akiuliza hivyo. Akirudi alinisimulia, nami nikamtilia chai nikimwambia asikate tamaa. Nilimwacha atafute kwa miaka mingi kitu ambacho mimi nilijua hakipo duniani.

Mwaka jana sinema ile ilionyeshwa tena, imesafishwa kwa mitambo mipya. Mimi na Nakato sote tumekwisha kustaafu. Alipanda jukwaani na fimbo yake, akawaambia vijana ukumbini kwamba hajachoka, na kama yuko mwenye dari ya bibi yake, tafadhali apekue. Watu wakacheka kwa upendo. Mimi nilishindwa kukaa. Nikamngoja mlangoni, tukaenda kukaa kwenye benchi la stesheni, nikamweleza yote, kabati, mabomba, unga, bila kupunguza.

Treni yetu ikaja ikaondoka. Ikaja nyingine. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, anatazama reli. Nilidhani ataniuliza kwa nini.

"Yule mtoto," akasema mwishowe, "alijua ni mama yake?"

"Alijua," nikamjibu. "Hakusema neno. Wenye nyumba wamekaa kula, mama amesimama na sinia. Binti akainuka, akamvutia kiti chake mwenyewe, akamkalisha mezani."

Hapo ndipo Nakato alipolia. Kisha akaniambia niyaandike hayo yote, mwisho wa sinema na jinsi ulivyopotea, na niweke jina langu. Niliandika. Leo ikionyeshwa, mwishoni yanatokea maelezo yangu, na chini yake sababu ya mkanda kutokuwepo, kwa jina langu kamili. Nakato hupokea simu nikimpigia. Nyumbani kwangu hajaja. Sijui kama atakuja, na sina haki ya kumhimiza.

Nimekusimulia kwa sababu juzi uliponiambia mwenzako wa chuoni Flemingsberg amechaguliwa kuongoza utafiti wenu, uliniambia kwa Kiswidi, harakaharaka, ukageuza uso. Nikakuelewa. Wivu utakuja, mwanangu, na sikuambii ujichukie ukija. Ninachokuomba ni hiki: usiupe kazi ya kufanya. Usifiche karatasi, usinyamazie unachokijua, usimwache mwenzako ahangaike na wewe una jibu. Ukiwa umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, ungali unaweza kuokoa kitu. Na kama moyo unauma sana, nenda ukamwambie huyo mwenzako hongera kwa mdomo wako, hata kama sauti itatetemeka. Mimi ningemwambia Nakato siku ile ya picha, pengine yote haya yasingenifika.

Mungu akupe kazi utakayoipenda kuliko sifa zake. Akupe rafiki, na akupe moyo wa kumfurahia anapopanda. Na ukichelewa kusema kweli kama nilivyochelewa mimi, basi akukutanishe na mtu atakayekaa nawe benchini mpaka umalize.