Majibu Yangu Si Yake

Wiki ya harusi yangu nilikuwa nimewekwa ndani, mtaani kwetu Makorora, nasingwa liwa na manjano mpaka nang'aa, na furaha imenijaa hata chakula hakipiti. Nilikuwa nimeshapima afya, virusi vya ukimwi na kaswende, nikatoka salama. Mchumba wangu nilimtumia majibu kwa simu siku hiyo hiyo. Akanirudishia mioyo tele na maneno haya: “Alhamdulillahi, basi tumeshapima.”

Tumeshapima! Nani na nani? Nilicheka kwanza, nikidhani anatania. Kumbe ndivyo walivyoamini yeye na vijana wenzake wa barazani: msichana akipima, mwanamume naye kapimika humo humo. Hasira zikanipanda. Nikamwandikia kwamba asipopima kabla ya Ijumaa, shekhe atamkuta bwana harusi peke yake. Kutwa nzima simu haikulia. Nilimpenda mtu yule na niliogopa kumkosa, lakini neno langu sikulirudisha.

Asubuhi yake shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa somo wangu wa kunifunda, aliingia chumbani anahema. Amepita zahanati, kamwona mchumba wangu kwenye benchi.

Niliruka kitandani. “Nipe buibui!”

“Wee mwana wee! Mwari atoke nje? Watu watasemaje?”

“Na nikabu, shangazi. Nani atanijua?”

Akanitazama, akaangua kicheko, akanifunga nikabu kwa mikono yake. Tulitokea mlango wa uani, mimi miguu inataka kukimbia. Sijawahi kufurahia kwenda zahanati namna ile.

Tulimkuta anatikisa goti. Shangazi akakaa kando yake, mimi nikakaa upande wa pili wa shangazi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeshaingia?”

“Wameshanitoa damu, nangoja majibu.” Akashusha sauti. “Naogopa, shangazi. Yule akinikataa je?”

“Yule yuko ndani, anasingwa,” shangazi akasema, macho makavu kabisa. Niling'ata midomo ndani ya nikabu nisicheke.

Akaitwa. Alikaa huko ndani sana, na kicheko kikaniisha. Alipotoka alikuwa anachechemea.

“Virusi sina,” akamnong'oneza shangazi. “Ila kaswende ninayo. Wamenichoma sindano, na wamesema nisikutane naye mpaka dozi iishe na wanipime tena.”

Shangazi akamshika mkono. “Inatibika hiyo. Harusi imeshaandaliwa, watu wameshaalikwa. Hebu niachie mimi, nitamwambia taratibu baada ya nikahi.”

Nilimkasirikia shangazi, lakini nilijizuia. Nilitaka kumsikia mchumba wangu. Angeitikia “haya” tu, mimi ningerudi nyumbani nikaioshe liwa yote mwilini, na ndoa ingeishia hapo.

Aliutoa mkono wake mkononi mwa shangazi.

“Hapana, shangazi,” akasema. “Nitamwambia mwenyewe. Leo hii, kabla sijaogopa tena. Harusi ikisogezwa na isogezwe.”

Nilitamani kupiga vigelegele pale pale zahanati.

“Niambie basi,” nikasema.

Aligeuka, akaduwaa, kwa sauti alishanijua. Shangazi akainuka, akampisha. Akaja kukaa karibu yangu, akaanza upya tangu mwanzo, na hata sindano hakuificha.