Gari la Wagonjwa Lililozimika Njiani

Kuna mafundi wana tabia moja mbaya. Taa ya injini ikiwaka wanachomeka mashine, wanafuta namba ya hitilafu, taa inazimika, mteja anaondoka akichekelea. Kwisha kazi! Fundi wetu, mama wa makamo aliyebandikwa jina la Daktari, alikuwa hachoki kuwasema watu hao. Yeye hafuti namba mpaka ajue gari linaumwa nini, na hilo alijisifia mbele ya kila mtu.

Asubuhi hiyo alikuwa anashindana na saa. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa gereji kwake, na dereva wake ni shemeji yake, mume wa dada yake. Juzi lilizimika njiani likiwa limebeba mama mwenye uchungu. Mtoto akazaliwa kando ya barabara. Wamepona wote wawili, tushukuru. Lakini msimamizi wa hospitali hakutaka maelezo. Gari, alisema, limetoka kwa Daktari wiki mbili zilizopita, na Daktari hakosei. Basi mzembe ni dereva. Ikifika saa sita hajaleta ushahidi, arudishe funguo na sare, aende zake.

"Mashine inasemaje?" dereva akauliza.

"Ileile. Sensa ya krenki."

"Si uliibadilisha?"

"Mpya kabisa, kwa mkono wangu."

"Basi hiyo mashine yako imechoka, shemeji."

"Mashine haijachoka. Inaniambia wapi panauma, haijui nani kapaumiza. Ingia uwashe."

Injini ikawaka, ikanguruma vizuri kama haijawahi kumtesa mtu. Daktari akatikisa soketi ya sensa, kile kifaa kidogo kinachosoma mzunguko wa injini. Injini haikushtuka. Akapima umeme, sawa. Saa tano ikapita. Dereva alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na gari limesimama palepale.

"Kanyaga mafuta," Daktari akasema. "Achia. Kanyaga tena."

Injini ikaruka kwenye vishikizo vyake. Yeye akaingiza mkono chini, akaufuata waya wa sensa kwa vidole, taratibu, mpaka nyuma ya injini. Puu! Injini ikazimika.

Akamulika kwa tochi. Waya ulikuwa umelalia chuma, umechubuka hadi shaba inaonekana. Kila gari lilipotikisika, shaba iligusa chuma, sensa ikakata mawasiliano na injini ikazimika. Klipu ya plastiki ya kuushikilia waya mbali na chuma ilikuwa imefunguliwa, inaning'inia tu.

Loo! Huwezi kutoa ile sensa bila kufungua klipu hiyo, na aliyeitoa ni yeye. Aliifungua, akasahau kuirudishia.

"Umepata?" dereva akaita kutoka ndani.

Daktari akazima tochi. Angeweza kusema waya umezeeka. Lakini waya uliozeeka ni mzigo wa dereva. Hospitali inamtaka akague gari kila asubuhi, na angefukuzwa hivyohivyo. Na akisema kweli, magari yote ya hospitali yatahama gereji yake. Aliogopa, tena sana.

"Shemeji, umepata?"

"Nimepata. Usiguse kitu." Akatoa simu mfukoni, akampigia msimamizi. "Njoo mwenyewe, sasa hivi, uone kabla sijatengeneza. Dereva hana kosa. Klipu niliifungua mimi, nikasahau kuifunga."

Dereva alikuwa ameshashuka. Alisikia kila neno. Akainama, akautazama ule waya muda mrefu.

"Yule mama alikuwa amenishika shati," akasema. "Ananililia nifanye kitu, nami najiuliza nimekosea nini."

"Nisamehe."

Dereva akasimama wima. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaenda kumsubiri msimamizi getini.

"Ukimaliza kutengeneza uniite, fundi," akasema bila kugeuka.

Tangu amwoe dada wa Daktari, miaka kumi na minane, hakuwahi kumwita ila shemeji.