Kabichi Chini ya Matunda

Shangazi yangu alitengeneza mashada ya matunda ya kupelekea wagonjwa na maharusi, na mtaa mzima ulimwita Mama Kabichi. Wenzake walichomeka vijiti vya matunda kwenye sponji. Yeye alivichomeka kwenye nusu kabichi, akaifunika kwa majani ya nanasi ambayo wengine huyatupa. Mashada ya sponji aliyaita uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku moja karani mmoja alimrudia amefura.

"Mama, nimelipia matunda, mke wangu amekuta kabichi!"

"Mkaifanyaje?"

"Tuliipika."

"Kumbe umekuja kunigombeza umeshiba."

Shangazi hakuwa na dogo, mpaka goti lilipomlaza hospitali. Binti yake, ambaye alikuwa hana kazi tangu kiwanda kifungwe, akamletea shada kutoka duka kubwa la mjini. Lilikuwa na zabibu, stroberi na utepe wa dhahabu. Wauguzi waliacha shughuli zao wakaja kulitazama.

Shangazi alilizungusha taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha akapenyeza kidole chini ya majani, akabonyeza. Sponji. Nilijua maneno yanakuja, na nilijiandaa kuona aibu.

"Zuri sana, mwanangu," alisema. "Na wajukuu wangu wamekula nini leo?"

Binti akatazama sakafu. Shangazi akamrudishia shada zima, bila kuchomoa hata kijiti kimoja.